Kipimo cha dakika mbili: Kwa nini damu ya mgonjwa wa figo ipimwe kando ya kitanda

MGONJWA wa figo aliyekosa kusafishwa damu kwa siku chache anaweza kuingia katika chumba cha dharura akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Huongea vizuri, hana homa wala jeraha, na analolalamikia ni kwamba mwili umechoka na miguu imelegea. Saa moja baadaye moyo wake unaweza kusimama.

Kinachomuua mgonjwa wa aina hii mara nyingi ni potasiamu, madini ambayo kila mtu anayo mwilini na ambayo hayaonekani kwa macho. Njia ya hakika ya kujua kiasi chake ni kupima damu. Kwa hivyo, katika dharura ya figo, uhai wa mtu unaweza kutegemea dakika zinazopita kati ya sindano kuchomwa na jibu kumfikia daktari.

Kwa wakazi wa Olenguruone, dakika hizo zina uzito wa kipekee. Mji huu wa Kuresoi Kusini, Kaunti ya Nakuru, uko katika nyanda za juu kandokando ya msitu wa Mau, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Ni eneo la chai, viazi na ng'ombe wa maziwa, lenye ukungu na baridi kali alfajiri.

Olenguruone ina hospitali yake ya kaunti ndogo. Hata hivyo, Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iliyoko mjini Nakuru, ambayo wengi wangali wanaiita PGH na ambako kuna mashine za kusafisha damu, iko umbali wa zaidi ya kilomita 60 kwa barabara. Msafiri hupitia Keringet, kisha Molo au Elburgon, na hatimaye Njoro.

Umbali huo ndio unaofanya kipimo cha haraka, kinachofanywa kando ya kitanda cha mgonjwa, kiwe na maana kubwa zaidi huku milimani kuliko katika jiji lenye hospitali kila mtaa.

FIGO ZINAPOSHINDWA

Figo mbili zilizo nzima huchuja damu mchana na usiku. Huondoa uchafu unaotokana na chakula na kazi ya misuli, husawazisha maji na chumvi, na hutoa kupitia mkojo karibu potasiamu yote ambayo mtu ameila.

Sehemu kubwa ya potasiamu ya mwili, takriban asilimia 98, huwa ndani ya seli. Kiasi kidogo tu ndicho huelea katika damu, na kiasi hicho hakina budi kukaa ndani ya mipaka myembamba. Kwa mtu mzima mwenye afya, ni kati ya milimoli 3.5 na 5.0 kwa lita moja ya damu.

Ikipanda hadi 6.5 au zaidi, hiyo ni dharura. Umeme unaouongoza moyo huanza kuvurugika, mapigo hupungua au kupoteza mpangilio, na moyo unaweza kusimama bila onyo. Tofauti kati ya mtu mzima na mtu aliye ukingoni mwa kifo ni milimoli mbili au tatu tu.

Wagonjwa wanaoweza kufikwa na hali hii wako katika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni wale wanaojua kwamba figo zao zimeshindwa na ambao husafishwa damu kwa mashine. Katika nchi nyingi tajiri, mgonjwa husafishwa mara tatu kwa wiki. Nchini Kenya, wengi wamezoea mara mbili, idadi ambayo Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, NHIF, ilikuwa ikiigharamia kabla ya kuvunjwa.

Anayesafishwa Jumatatu na Alhamisi hukaa siku tatu, kisha nne, huku potasiamu ikilundikana. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wagonjwa wanaosafishwa mara tatu kwa wiki hufariki kwa wingi zaidi baada ya pengo la siku mbili la wikendi. Mkenya anayeishi na pengo refu kuliko hilo kila wiki hana nafasi ya kukosa hata kikao kimoja, iwe ni kwa sababu ya nauli, matope au foleni.

Kundi la pili ni la wale wasiojua lolote. Ni mkulima aliyeharisha kwa siku tatu, mama aliyevuja damu nyingi baada ya kujifungua, mtoto mwenye malaria kali, au mzee aliyekunywa dawa za maumivu ya viungo kwa wiki kadhaa bila ushauri. Figo zao zinaweza kushindwa ghafla, kwa siku moja au mbili tu.

Kundi hili ndilo huponyoka kwa urahisi zaidi, kwa kuwa hakuna anayeshuku. Mgonjwa hutibiwa kuhara au homa, huku figo zikizidi kudhoofika. Na hapa pana jambo la kutia moyo: figo zilizoshindwa ghafla mara nyingi huweza kupona zikigunduliwa mapema, tofauti na zile zilizoharibika polepole kwa miaka mingi.

SAFARI YA CHUPA YA DAMU

Katika hospitali ya kawaida, damu ya mgonjwa hupitia hatua nyingi. Muuguzi huitoa kwa sindano, huitia katika chupa, huandika jina na kuituma maabara. Huko husubiriwa igande, huzungushwa kwa kasi katika mashine ili majimaji yatengane na chembechembe, kisha majimaji hayo hupimwa. Jibu huandikwa na kurejeshwa wodini.

Mambo yakienda sawa, hatua hizo huchukua takriban saa moja. Usiku, umeme ukipotea, mashine ikiharibika au dawa za kupimia zikiisha, zinaweza kuchukua saa nyingi. Hospitali ndogo popote nchini ikikwama hivyo, sampuli huwekwa katika kisanduku cha baridi na kusafirishwa hadi maabara kubwa zaidi.

Kuchelewa ni tatizo moja. La pili ni kwamba damu inayosafiri hubadilika njiani.

Ndani ya kila chembe nyekundu mna potasiamu nyingi, na kuna pampu ndogo katika ukuta wa chembe inayoizuia isivuje. Pampu hiyo hutumia nguvu na hufanya kazi vyema katika joto la mwili. Damu ikipozwa, pampu hulegea, na potasiamu huanza kuvujia nje ya chembe ndani ya chupa ile ile.

Matokeo yake ni kwamba mtu ambaye potasiamu yake ni ya kawaida anaweza kupewa jibu la kutisha. Madaktari nchini Uingereza wamelijua jambo hili kwa miaka mingi. Wakati wa majira ya baridi, sampuli zinazotoka katika zahanati za mashambani hadi maabara za mbali huonyesha potasiamu ya juu mara nyingi zaidi kuliko wakati wa kiangazi, ingawa wagonjwa wenyewe hawajabadilika.

Nyanda za juu za Mau hazina theluji, lakini alfajiri zake ni baridi, na kisanduku chenye barafu ni baridi zaidi. Chupa ya damu iliyokaa humo saa tatu au nne, ikitikiswa na mashimo ya barabara, haiwezi kutegemewa kueleza hali ya potasiamu ya mgonjwa aliyebaki kitandani.

Jibu la uongo lina madhara kwa pande zote mbili. Mgonjwa asiye na tatizo anaweza kupewa insulini ya kushusha potasiamu, na badala yake sukari yake ikashuka hadi akapoteza fahamu. Kwa upande mwingine, daktari aliyezoea kuona majibu yaliyopanda kwa sababu ya safari anaweza kulipuuza lile moja lililo la kweli.

Hii ndiyo sababu ya pili ya kupima damu palepale alipo mgonjwa, na ni sababu ambayo husahaulika. Kipimo cha kando ya kitanda huokoa wakati, na pia huiondolea damu safari inayoiharibu.

KIFAA CHA MKONONI

Wakenya wengi tayari wanakifahamu kipimo cha aina hii bila kukiita kwa jina hilo. Kifaa cha kupima sukari, ambacho hunyonya tone la damu kutoka kidoleni na kutoa jibu baada ya sekunde chache, ni ndugu yake wa karibu. Kipimo cha haraka cha malaria ni ndugu mwingine.

Vifaa vinavyopima potasiamu kando ya kitanda vilianza kuenea katika hospitali za ng'ambo katika miaka ya 1990. Kinachojulikana zaidi hutoshea mkononi. Matone mawili au matatu ya damu hutiwa katika katriji ndogo ya plastiki, katriji husukumwa ndani ya kifaa, na baada ya dakika mbili hivi majibu hujitokeza kwenye kioo.

Ndani ya katriji mna vihisio vidogo sana. Kimoja kimefunikwa kwa utando unaoruhusu potasiamu pekee kukifikia. Potasiamu inapogusa kihisio hicho, huzalisha umeme kidogo, na kadiri ilivyo nyingi ndivyo umeme huo unavyobadilika. Kifaa husoma umeme huo na kuugeuza kuwa tarakimu.

Kutegemea aina ya katriji, damu ile ile yaweza kuonyesha pia sodiamu, sukari, kiasi cha asidi, wingi wa damu, urea na kreatinini. Kreatinini ni uchafu unaotoka katika misuli ambao figo nzima huuondoa, hivyo ikipanda, ni ishara kwamba figo zimelemewa. Vipo pia vifaa vidogo zaidi vinavyopima kreatinini peke yake kwa tone la kidoleni.

Vifaa hivi vimejaribiwa katika mazingira magumu. Baada ya tetemeko la ardhi lililoikumba Haiti mnamo Januari 2010, maabara nyingi zilikuwa zimeporomoka pamoja na majengo mengine. Wataalamu wa figo waliokwenda kusaidia walitumia vipimo vya mkononi kuwatambua manusura ambao misuli yao ilipondwa na vifusi. Misuli iliyopondeka humwaga potasiamu katika damu kwa wingi na kuziba figo, kwa hivyo kujua nani asafishwe kwanza lilikuwa jambo la saa, si siku.

Karibu na nyumbani, Malawi ilikuwa miongoni mwa nchi tatu, pamoja na Nepal na Bolivia, zilizoshiriki mradi wa majaribio wa Chama cha Kimataifa cha Madaktari wa Figo. Mradi huo ulipeleka kipimo cha haraka cha kreatinini katika vituo vya afya na hospitali ili kuwagundua wenye figo zilizoshindwa ghafla. Ulikuwa sehemu ya kampeni iliyoelezwa katika jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2015, iliyolenga kumaliza vifo vinavyozuilika vya ugonjwa huo kufikia mwaka 2025.

Lengo hilo halikufikiwa. Hata hivyo, mradi huo ulionyesha kwamba upimaji wa figo unaweza kufanyika nje ya hospitali kubwa za mijini.

KISICHOONEKANA NA KIFAA

Itakuwa kosa, hata hivyo, kukifanya kifaa hiki kuwa hirizi. Kina udhaifu wake, na asiyeujua anaweza kumdhuru mgonjwa.

Udhaifu mkubwa zaidi unahusu chembe nyekundu zilizopasuka wakati wa kutoa damu. Zikipasuka, humwaga potasiamu yake na kupandisha kipimo. Katika maabara, damu ikishazungushwa, majimaji yake huonekana yakiwa mekundu na mtaalamu hujua kwamba sampuli imeharibika. Vifaa vingi vya mkononi hupima damu nzima, ambayo ni nyekundu daima, kwa hiyo havina njia ya kuligundua tatizo hilo.

Ndiyo maana namna ya kutoa damu ina umuhimu mkubwa. Mpira wa kufungia mkono usikazwe kwa muda mrefu. Mgonjwa asiambiwe kukunja na kukunjua ngumi, kwani misuli inayofanya kazi hutoa potasiamu. Kidole kisikamuliwe kwa nguvu. Damu isitolewe katika mkono unaopokea maji ya dripu.

Mgonjwa anayesafishwa damu huwa pia na mshipa maalumu mkononi, ulioandaliwa kwa upasuaji ili kuunganishwa na mashine. Mshipa huo ni njia yake ya kuishi. Mkono wenye mshipa huo haufai kuchomwa sindano ya vipimo wala kufungwa kifaa cha kupima shinikizo la damu, hata kukiwa na haraka namna gani, ila pale uhai unapokuwa hatarini na pasiwe na njia nyingine.

Udhaifu mwingine ni wa mazingira. Katriji za kifaa kinachotumika zaidi huhifadhiwa katika jokofu, kwenye nyuzi kati ya 2 na 8, na zikitolewa nje hudumu kwa muda mfupi tu kabla ya kuharibika. Jokofu hutaka umeme usiokatikakatika.

Kifaa chenyewe nacho hufanya kazi katika chumba chenye joto la kati ya nyuzi 16 na 30. Katika nyanda za joto, tatizo huwa ni kupanda kwa joto hilo. Olenguruone, chumba kisicho na kipasha joto kinaweza kushuka chini ya nyuzi 16 usiku, na kifaa kikakataa kutoa jibu saa ile ile kinapohitajika. Hospitali ya milimani inayonunua kifaa bila kufikiria mahali pa kukiweka usiku itakuwa imenunua pambo.

Kuna pia suala la kumbukumbu. Jibu la maabara huja kwenye karatasi. Jibu la kifaa huonekana kwenye kioo, na lisipoandikwa mara moja katika faili ya mgonjwa, linaweza kupotea zamu ikibadilika.

JIBU LIKISHAPATIKANA

Kipimo chochote kina thamani kwa kadiri ya kile kinachofanywa baada yake. Dakika mbili zilizookolewa hazina faida ikiwa nusu saa itapotea kutafuta ufunguo wa kabati la dawa.

Potasiamu ikiwa juu, hatua inayofuata ni kupima umeme wa moyo. Mashine hiyo huchora mawimbi ya mapigo kwenye karatasi, na potasiamu nyingi huyafanya baadhi ya mawimbi kuwa marefu na yenye ncha kali, na mengine kutanuka. Lakini mchoro wa kawaida si hakikisho la usalama, kwa kuwa kuna wagonjwa ambao moyo wao haukuonyesha dalili yoyote kwenye karatasi hadi dakika ya mwisho. Vipimo viwili, cha damu na cha moyo, husaidiana.

Matibabu ya awali hayahitaji mashine ya kusafisha damu. Ya kwanza ni kalisiamu, ambayo hudungwa polepole katika mshipa. Haishushi potasiamu, bali huukinga moyo dhidi yake. Huanza kufanya kazi baada ya dakika chache na kinga yake hudumu takriban nusu saa hadi saa moja.

Ya pili ni insulini inayotolewa pamoja na sukari. Hiyo huirudisha potasiamu ndani ya seli kuanzia baada ya dakika 15 hadi 30, na nguvu yake hudumu saa kadhaa. Salbutamoli, dawa ambayo wenye pumu huivuta, huongeza nguvu hiyo ikitolewa kwa wingi kupitia mashine ya mvuke.

Hapa panahitajika tahadhari. Figo zilizoshindwa huchelewa kuiondoa insulini mwilini, kwa hiyo sukari ya mgonjwa inaweza kushuka saa kadhaa baada ya sindano, wakati ambapo huenda yumo ndani ya ambulensi. Sukari yake inapaswa kupimwa mara kwa mara kwa angalau saa sita, na kazi hiyo hufanywa na kile kifaa kidogo cha kidoleni ambacho hupatikana karibu kila hospitali.

Dawa hizi haziitoi potasiamu mwilini. Huificha tu. Kinachoiondoa kwa mgonjwa ambaye hakojoi ni kusafishwa damu. Lakini saa chache zinazopatikana kwa dawa hizo zinatosha kwa safari ya kutoka Olenguruone hadi Nakuru, na hapo ndipo palipo na siri ya kipimo cha kando ya kitanda kwa mji ulio mbali.

Bila kipimo, mhudumu ana njia mbili, zote mbaya. Anaweza kumtuma mgonjwa njiani haraka, moyo wake ukiwa bila kinga, au kumzuia wodini akisubiri jibu la maabara. Akiwa na kipimo, humtibu kwanza, humpigia simu daktari wa Nakuru ili mashine iandaliwe, kisha gari huondoka. Mgonjwa hufika akijulikana hali yake, na hapangiwi foleni upya.

SHERIA, FEDHA NA MIPANGO

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Huduma za hospitali, kuanzia mwaka 2013, zimekuwa mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hiyo swali la kifaa gani kiwekwe katika hospitali gani ni swali la bajeti ya kaunti.

Nchi imewekeza fedha nyingi katika ncha moja ya safari ya mgonjwa wa figo. Mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu ulioanzishwa na serikali ya kitaifa mwaka 2015 ulizipelekea hospitali za kaunti mashine za kusafisha damu, huduma ambayo awali ilipatikana katika miji michache. NHIF ililipa Sh9,500 kwa kila kikao, na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi yake mnamo Oktoba 2024, ilipandisha kiwango hicho hadi Sh10,650.

Hatua hizo zimeokoa wengi. Hata hivyo, mashine iliyoko mwisho wa barabara haimsaidii anayefia katikati ya barabara. Ncha ya pili ya safari, yaani chumba cha dharura cha hospitali ndogo, inahitaji kuangaliwa kwa jicho lile lile. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 iliunda hazina maalumu ya dharura na magonjwa sugu, na ugonjwa wa figo unaingia katika makundi yote mawili.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilichapisha orodha yake ya kwanza ya vipimo muhimu mwaka 2018, likiiga mfano wa orodha ya dawa muhimu. Mnamo Mei 2025, mkutano mkuu wa shirika hilo ulipitisha azimio kuhusu afya ya figo, likizitaka nchi wanachama kuuweka ugonjwa huo katika mipango yao ya magonjwa yasiyoambukiza.

Pingamizi la kawaida ni bei. Ni kweli kwamba katriji moja hugharimu zaidi ya dawa za kupimia sampuli moja katika maabara. Kwa sababu hiyo, haifai kutumiwa kwa kila anayepita mlangoni. Hospitali zinazotumia vifaa hivi vizuri huweka kanuni fupi ukutani: apimwe anayesafishwa damu akija na udhaifu, kukosa pumzi au mapigo yasiyo ya kawaida, apimwe asiyekojoa, apimwe aliyepondwa na gari au jengo, apimwe mama aliyevuja damu nyingi au aliyepata kifafa cha mimba.

Wengine wote wanaweza kusubiri maabara, ambayo inabaki kuwa mhimili wa hospitali. Kipimo cha haraka hakiiondoi maabara kazini. Huisaidia, na jibu lake linapotia shaka, ni maabara inayothibitisha.

WAJIBU WA MGONJWA NA JAMAA ZAKE

Sehemu ya kinga iko nyumbani. Vyakula vingi vinavyolimwa Kuresoi vina potasiamu nyingi, hasa viazi. Ndizi, parachichi, maharagwe, mboga za majani na maziwa vimo pia katika orodha hiyo. Kwa mtu mwenye figo nzima, hivi ni vyakula bora. Kwa aliyeambiwa na daktari apunguze potasiamu, kipimo chake kinahitaji uangalifu.

Viazi havihitaji kuachwa kabisa. Vikimenywa, vikakatwa vipande vidogo, vikachemshwa katika maji mengi na maji hayo yakamwagwa, hupoteza sehemu kubwa ya potasiamu. Mchuzi uliopikiwa viazi haumfai mgonjwa huyu, wala chumvi mbadala zinazouzwa madukani kwa wenye shinikizo la damu, kwa kuwa baadhi yake zimetengenezwa kwa potasiamu.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zisitumiwe bila idhini ya daktari. Dawa za mitishamba zina hatari ya namna yake, kwa kuwa nyingi hazijapimwa kiasi cha potasiamu kilichomo wala madhara yake kwa figo.

Mgonjwa akizidiwa, jambo la kwanza kusemwa kwenye meza ya mapokezi liwe ni kwamba anaugua figo, na siku aliyosafishwa damu mara ya mwisho. Maneno hayo mawili humwezesha mhudumu kuamua mara moja nani apimwe kwanza. Familia inayotunza kadi yenye tarehe za vikao, dawa anazotumia na mkono usiopaswa kuchomwa sindano humrahisishia kazi hata zaidi, hasa mgonjwa anapokuwa hawezi kusema.

Nao wanaopanga huduma za afya, wakitaka kujua kama hospitali iko tayari kwa dharura ya figo, wanaweza kuuliza maswali manne yasiyohitaji utaalamu. Mgonjwa akifika saa nane usiku, potasiamu yake itajulikana baada ya dakika ngapi? Kalisiamu iko wapi, na nani ana ufunguo? Mashine ya umeme wa moyo ina karatasi? Simu ya kitengo cha kusafisha damu mjini Nakuru hupokewa na nani wakati huo?

Hospitali yenye majibu ya maswali hayo imejiandaa hata kama ni ndogo. Isiyo nayo haitasaidiwa na kifaa cha aina yoyote, kiwe cha bei gani.